Pale Tembo Alipozama

Mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri, katika mlango wa Kinasi, maji yakijaa. Nilitoka saa kumi na nusu. Niliziandika saa hizo kwenye daftari kama ninavyoandika za kila mgeni, kisha chini yake nikaongeza: treni, Alhamisi. Nikahesabu saa zilizobaki katikati, nikaridhika, nikafunga daftari.

Anayevuta hewa ya mtungi chini ya maji huingiza mwilini naitrojeni nyingi kuliko kawaida. Kadiri anavyoshuka na kukaa, ndivyo inavyojipenyeza kwenye damu na mafuta. Akipanda polepole, inatoka kwa pumzi bila kumdhuru. Akipanda kwa pupa, inageuka mapovu mwilini, mfano wa soda iliyotikiswa na kufunguliwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye kiungo au kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kuumia maisha yake yote. Ndiyo sababu hatupandi ndege siku tuliyozamia. Wageni wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba kupanda bara nako kuna hesabu yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa yake ni pungufu ya ule wa Mafia kwa kiasi cha moja ya nane. Miongozo ya kazi yetu inataka angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege kwa mtu aliyezamia siku kadhaa mfululizo. Mimi hujipa 24, na safari ya nyumbani naihesabu kama ndege.

Nyumbani ni Bahi, magharibi ya Dodoma mjini. Ninaendesha kituo kidogo cha kupiga mbizi upande wa Utende, kisiwani Mafia: mitungi 30, mashua moja, watu 7 wa kazi. Aprili masika yanapokaza, wageni wanatoweka, papa potwe waliokuwa wakizunguka mbele ya Kilindoni tangu Oktoba wanaadimika, na mimi napata nafasi ya kupeleka makaratasi Dodoma na kumwona mama.

Watu wakisikia Mgogo ana kituo cha mbizi huuliza kwanza nilijifunza wapi kuogelea. Nilijifunza Mafia, nikiwa na miaka 26, karani wa hesabu katika hoteli. Lakini hilo silo swali ambalo ningependa waniulize. Ningependa waulize kituo kinaendeshwaje, kwa sababu kuogelea ni sehemu ndogo sana ya kazi hii. Sehemu kubwa inafanyika nchi kavu, kwenye kibanda chenye mashine.

Mashine yenyewe ni kompresa. Inavuta hewa ya kawaida, hii tunayovuta sote, na kuishindilia kwenye mtungi wa lita 12 mpaka ifike bar 200. Hewa iliyoingia kwenye bomba ndiyo atakayoivuta mgeni akiwa mita 18 chini, na huko chini uzito wa maji unaizidishia nguvu, hata uchafu ambao juu usingekusumbua, kule unakuwa sumu. Kwa hiyo mdomo wa bomba lazima ukae mahali ambapo moshi wa jenereta haufiki. Na hapo ndipo pepo zinapoingia kazini. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, kisha inageuka, inakuja kusi. Bomba lililokaa salama miezi minne wakati wa kaskazi, kusi ikigeuka linakuwa upande wa moshi. Lazima lihamishwe.

Mwaka wangu wa kwanza sikulihamisha kwa wakati. Kusi iliingia Jumamosi, nikasema tutalishughulikia Jumatatu. Jumapili tulizamia watatu, mimi na vijana wawili wa kazi, bila mgeni yeyote, namshukuru Mungu. Tulipotoka majini vichwa vilikuwa vinagonga na mmoja alitapika ndani ya mashua. Nilijua mara moja. Tulifungulia mitungi yote siku hiyo, tukaimwaga hewa yote tuliyojaza, na mimi nikakaa kando ya kibanda nikilia, kwa sababu vijana wale walikuwa watoto wa watu wa kisiwa cha Jibondo walionikabidhi wanao kwa neno langu tu. Tangu siku hiyo upepo ukigeuka, kazi inasimama mpaka bomba limehama.

Kitu cha pili kinachotawala ratiba ni maji kujaa na kupwa. Mlango wa Kinasi ndio njia ya bahari kuingia Ghuba ya Chole. Maji yakijaa, yanaingia safi kutoka bahari kuu, na mzamiaji anabebwa nayo kuelekea ndani, kupita ukuta wa matumbawe wenye chewa na makundi ya kolekole. Yakipwa, mkondo unageuka na kumvuta nje kusikojulikana mwisho. Mgeni anaweza kupenda kuzamia saa tatu asubuhi baada ya kifungua kinywa. Bahari ikitaka saa nane, tunakwenda saa nane. Wakati wa bamvua, mkondo unapokuwa mkali, hatuendi kabisa na wanaoanza. Nimepoteza fedha kwa msimamo huo. Nimepoteza pia kwa mgeni aliyetaka kuzamia asubuhi ya siku ya ndege yake, akasema atalipa mara mbili. Chumba cha mgandamizo cha kumtibu mtu aliyeingiwa na mapovu kiko Unguja, upande wa Matemwe. Kumfikisha kutoka Mafia kunataka bahari tulivu au ndege ya kuruka chini kabisa. Nilimrudishia fedha zake zote, akaenda na hasira. Ningefanya hivyo tena kesho.

Na kuna maji baridi. Kila kinachoingia baharini lazima kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi: regyuleta, jaketi, suti, miwani. Chumvi ikikaukia ndani ya valvu inaila taratibu, mpaka siku moja inakwama mtu akiwa chini. Tuna mapipa matatu, la kwanza la kuondoa chumvi nyingi, la pili la kusuuza, la tatu la regyuleta pekee. Mama alipokuja Mafia mara moja, hakushangaa bahari. Aliitazama kidogo, akasema ni kubwa, basi. Kilichomsimamisha ni jioni, alipowaona vijana wakimwaga mapipa. Alishika mkono wangu. “Mwanangu, maji hayo yanakwenda wapi?” Nikamwambia yamekwisha kuwa na chumvi, hayafai. Hakujibu. Kesho yake alinyamaza mchana kutwa, na ilipofika jioni alichukua ndoo, akateka maji ya pipa la tatu, ambalo chumvi yake ni kidogo mno, akaenda kumwagilia minazi michanga nyuma ya kibanda. Sasa ndiyo kanuni ya kituo. Minazi ile imenipita urefu.

Basi Jumatano nilivuka kwa kivuko kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Rufiji ambako maji ya bahari yanabadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa. Abiria wenzangu walikuwa na nazi, samaki wakavu, na mtoto mmoja aliyelala juu ya gunia safari nzima. Nikalala Dar es Salaam.

Treni ya umeme nimeipanda mara mbili tu, na bado naiona kama muujiza. Ilianza kufika Dodoma Julai 2024. Kabla ya hapo ilikuwa basi, kutwa nzima, au treni ya zamani ya reli ya Wajerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, na ambayo kati ya Kilosa na Gulwe ilikuwa ikikatwa na mafuriko ya mto Mkondoa mara kwa mara. Nakumbuka utotoni tukisubiri mtu kutoka pwani kwa siku, kisha wiki, kwa kuwa tuta limeondoka. Reli mpya imepita juu na ndani: madaraja marefu, mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Unaingia gizani, unatoka, unaona mto uleule uko chini, mwekundu, umetulia kama haukufanya kitu.

Mkononi nilikuwa na saa yangu ya kuzamia. Sikuivua makusudi. Saa hizi zinapima uzito wa hewa hata nchi kavu, ili mtu akizamia kwenye ziwa la milimani zimpunguzie muda unaoruhusiwa chini. Morogoro haikuonyesha kitu. Kilosa, hakuna kitu. Tulipoipita Gulwe, na miti ya mibuyu ikiwa imeanza kusimama mmojammoja kwenye uwanda wa kijani, niliitazama tena: pembeni ya kioo kulikuwa na alama ndogo ya mlima. Mzee aliyekaa karibu nami, aliyekuwa anakwenda Dodoma kufuatilia kiinua mgongo, akaniuliza ni saa ya aina gani. Nikamweleza. Akatazama nje, akatazama ile alama. “Kwa hiyo tumepanda, na mimi sikusikia chochote.” Ndivyo ilivyo pia chini ya maji. Mwili hausikii, ndiyo maana tunatembea na hesabu.

Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji wetu limetoka kwa tembo. Alikuja kunywa maji kwenye kijito, matope yakamshika, akadidimia. Waliomwona wakasema idodomya, yaani amezama. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu darasa la pili na sikuifikiria mpaka nilipokuwa mzamiaji. Sasa kila nikishuka kituoni Mkonze, mavumbi yakinipokea, inanijia kwamba nimetoka kwenye mji ambao jina lake ni la kuzama.

Kazi ya ofisi ilichukua siku moja na nusu. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma, na miaka hii ya karibuni wizara zimejikusanya Mtumba, nje kidogo ya jiji. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyotangazwa mwaka 1995 na yenye kilomita za mraba 822, iko chini ya wizara ya uvuvi. Leseni ya biashara ya utalii iko chini ya wizara ya maliasili. Zote ziko Mtumba. Kwa hiyo mtu wa baharini lazima apande uwanda. Wengine hulalamika. Mimi nafurahi, maana ofisini nilimkuta msichana wa mapokezi aliyeniamkia kwa Kigogo baada ya kusoma jina langu, “Mbukwa, dada,” na tukazungumza habari ya mvua kabla ya kuzungumza habari ya makaratasi.

Dodoma habari ya mvua ndiyo habari. Kwa mwaka mzima inanyesha milimita 550 au 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo. Jiji lina watu zaidi ya laki saba kwa sensa ya 2022, na kwa miaka mingi limeishi kwa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini ya mji. Vipimo vya kina cha maji ya chini ya ardhi pale vinaanzia miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu za namna hiyo katika Afrika ya kitropiki. Wataalamu walioichambua waligundua jambo ambalo tangu nilisome halijanitoka. Maji yale hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Mvua ya kawaida inanywewa na jua na mizizi kabla haijafika chini. Visima vinajazwa na miaka michache tu ya mvua kubwa kupita kiasi, miaka ambayo bahari imepata joto, na katikati ya miaka hiyo maji yanashuka taratibu. Katika kumbukumbu hiyo yote, mjazo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa msimu wa 1997 na 1998.

Elnino. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka maji yalipoingia kwenye boma la jirani na ng’ombe wakahamishiwa kilimani, nakumbuka barabara kukatika, na mama kusema tutakufa kwa maji sisi tuliozoea kufa kwa kiu.

Miaka mingi baadaye, katika zamio langu la kumi na kitu, mwalimu wangu alinionyesha kwa mkono uwanda wa vifusi vya kijivu chini ya Ghuba ya Chole, matawi yaliyovunjika na kulala juu ya mengine. Juu ya mashua nikamuuliza ni baruti za wavuvi? Akasema baruti zimefanya yake kwingine, ila pale ni joto. Mwanzoni mwa 1998 bahari ilipata joto wiki kwa wiki, matumbawe yakafukuza vile viumbe vidogo vinavyoishi ndani yake na kuyapa rangi na chakula, yakawa meupe, na mengi hayakurudi. Yeye aliyaona yakiwa meupe. Alisema ilikuwa kama kuzamia kwenye chokaa.

Joto lile la bahari ndilo lililonyanyua mvuke, ukaja bara, ukanyesha kwetu, ukajaza Makutupora. Bahari iliua bustani yake na kwa mkono uleule ikatuwekea akiba ya maji ya miaka. Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa namna inayonipa amani na sijaipata. Wageni wananiuliza kwa nini sehemu ile ya ghuba imekufa, nawaeleza habari ya joto, na sehemu ya moyo wangu inakumbuka ndoo iliyojaa. Mwaka 2024 ikaja tena: mvua za Elnino bara, matumbawe kupauka katika ukanda wetu wote wa Bahari ya Hindi, kisha Mei kimbunga Hidaya kikapita juu ya Mafia na kutung’olea paa la kibanda cha kompresa. Nilimpigia mama simu usiku ule. Aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Akasema huku visima vimejaa, akanyamaza, kama aliyetaka kuomba radhi.

Ijumaa mchana nilichukua basi kwenda Bahi.

Bahi ni bonde. Maji ya mto Bubu yanaingia na hayana pa kutokea, yanatandaa kuwa bwawa pana lenye majani, ambalo mwaka wa mvua huwa kama bahari na mwaka wa ukame huwa ufa na vumbi. Pembeni watu wanalima mpunga. Katikati wanavua, na watu wa pwani hawaamini nikiwaambia kwamba nimetoka kwenye ukoo wa wavuvi. Mjomba wangu, kaka yake mama, amevua kambale na perege pale tangu ujana wake, miaka ambayo maji yapo. Miaka ambayo hayapo, anachunga.

Nilimkuta anarekebisha nyavu. Tulikula kwanza, ugali wa mtama na mlenda na kambale wa kukaushwa kwa moshi, kisha tukatembea hadi ukingoni. Alikuwa na maswali yake tayari, nadhani aliyaweka tangu Aprili iliyopita.

“Ule mtungi, mtu anakaa nao chini muda gani?”

“Dakika 45, mjomba. Saa moja kama hana papara.”

“Na mwenye papara?”

“Anaimaliza hewa nusu ya muda huo.”

Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akanionyesha pahali kwenye maji, kati ya majani, ambapo duara ndogo ilifunguka na kufunga. Kambale. Anapanda kuchukua pumzi. Maji ya bwawa yakipata moto na kukosa hewa, samaki wengine hufa wakielea, lakini kambale ana kiungo nyuma ya matamvua cha kuvutia hewa ya juu, na maji yakikauka hujichimbia kwenye tope lenye unyevu na kungoja. Mjomba amewachimbua kwa jembe akiwa kijana, wakiwa hai. “Huyu naye anabeba mtungi wake,” alisema, na hakuwa anatania. Alikuwa anapima kama kazi yangu ina mantiki, na nilimwona ameridhika kwamba inayo.

Aliuliza pia kuhusu mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi. Anaogelea, alijifunza humu humu. Nikamweleza ukweli: atahitaji kupimwa masikio na mapafu, atajifunza Kiingereza cha kazi, miezi ya mwanzo ataosha vifaa na kubeba mitungi, na hataingia majini na mgeni mpaka mimi nimwamini. Cheti cha kumwongoza mgeni kina gharama ambayo kijana wa kijijini hawezi kuilipa, na ndiyo sababu vituo vingi vya pwani yetu vimekuwa na waalimu kutoka mbali na wabeba mitungi kutoka hapa. Nimeazimia kulibadili hilo kwangu, mtu mmoja mmoja, kwa kukata kidogo kwenye kila msimu. Vijana wale wawili wa Jibondo sasa wana vyeti. Wa tatu atakuwa wa Bahi. Nilisema aje Juni.

Ukingoni pana gogo la mti uliokufa likiwa limesimama. Mjomba amelikata alama kwa panga, kila mwaka wa maji mengi alama moja, kwenye kimo maji yalipofika. Alinionyesha ya mwaka huu, usawa wa goti. Ya 2024, kiunoni. Ya mwaka wa Elnino niliitafuta kwa macho sikuiona, mpaka alipoinua fimbo na kuigusa. Nilinyoosha mkono wangu wote na bado haikufikika.

Simu ililia tukiwa tumesimama pale. Ilikuwa fundi wa kompresa, kutoka Utende, na nyuma ya sauti yake nilisikia kuti likipiga kwenye bati.

“Dada, kusi imeingia. Tangu alfajiri.”

“Umejaza mtungi wowote?”

“Hata mmoja. Nakungoja wewe.”

“Hamisha bomba. Ukimaliza vuta mtungi mmoja wa majaribio, unuse, kisha nipigie tena.”

Mjomba aliuliza ni nani. Nikamwambia upepo umegeuka kule. Akageuza uso kuelekea mashariki, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo akiusikiliza.